Umenunua gari Mwanza? Namna ya kulihamishia jina lako, hatua kwa hatua

"Kaka, kadi si hiyo umeshika? Mambo ya jina tutamalizia baadaye." Maneno haya yameuza magari mengi sana hapa Mwanza, kuanzia Vitz ya mwalimu hadi Fuso linalobeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba. Hiyo baadaye mara nyingi haifiki. Muuzaji anahamia Geita, laini ya simu inakufa, miaka inapita, na mnunuzi bado anaendesha gari la jina la mtu ambaye hata sura yake ameshaisahau.

Wengi hudhani anayepaswa kuhangaika hapo ni mnunuzi peke yake. Mimi naona muuzaji ndiye aliyejiweka pabaya zaidi. Ameshakula hela, ameshasahau, lakini serikalini bado anahesabika kuwa mwenye gari. Sheria ya Usalama Barabarani, sura ya 168, inamchukulia mtu ambaye jina lake limesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Gari likigonga mtu Igoma usiku au likikamatwa na magendo Sirari, wa kwanza kutafutwa ni yule wa kwenye kadi. Atajieleza, ndiyo, lakini atajieleza akiwa kituoni.

Kwa hiyo soma hadi mwisho, uwe unanunua au unauza.

Daftari lenyewe likoje

Kwa Tanzania Bara, magari, pikipiki na bajaji vyote husajiliwa na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Polisi hukagua na kusimamia barabarani, LATRA hutoa leseni za usafirishaji wa biashara, kampuni za bima hukata bima, ila daftari la nani anamiliki nini liko TRA. Ni daftari moja la nchi nzima. Gari lililosajiliwa Dar es Salaam halihitaji kusajiliwa upya likija Mwanza, na namba yake haionyeshi mkoa.

Ndani ya daftari hilo, gari lina utambulisho wa aina mbili. Kuna mambo ya chombo chenyewe: namba ya chesisi, namba ya injini, aina, rangi, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, uzito, idadi ya viti. Halafu kuna mambo ya mtu: jina, anwani, na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Namba ya usajili ndiyo inayoyafunga pamoja, nayo hubaki na gari hata likipita mikononi mwa watu kumi. Kadi unayoishika ni karatasi iliyotolewa kutoka kwenye daftari hilo. Karatasi na daftari vikipishana, daftari ndilo linalosikilizwa.

Namba za kawaida huanza na T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Pikipiki huanza na MC. Kibao cha njano ni cha gari la mtu binafsi, cheupe ni cha biashara. Magari ya serikali na mashirika ya umma yana herufi zake, kama STK, SU na SM. Hapa madalali wana mchezo wao: "Bosi, hii ni namba E, bado mpya kabisa!" Herufi hizo hupandishwa kwa mfuatano nchi nzima, kwa hiyo zinakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Hazikuambii lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2004 lililoshuka bandarini juzi litapewa herufi za juzi. Ukitaka umri wa gari, soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

Hatua ya kwanza: TIN, wote wawili

Bila TIN ya muuzaji na ya mnunuzi hakuna kitakachohamishwa. Ni bure, na kama una namba ya NIDA haichukui muda. Kama huna biashara, omba TIN isiyo ya biashara. Inatosha kwa gari na kwa leseni ya udereva. Jina la kwenye TIN, kwenye NIDA na kwenye mkataba liwe lilelile. Hapa kwetu mtu anaitwa Masanja Joseph shuleni, Joseph Masanja kazini, na nyumbani ana jina la tatu. Rekebisha kabla hujaanza, maana ukishafika kaunta utarudishwa.

Hatua ya pili: linganisha gari na kadi

Watu hukagua rangi, wakapiga teke tairi, wakawasha redio. Anza na namba ya chesisi. Kwenye magari mengi ya Kijapani imegongwa kwenye bati, ama chini ya boneti upande wa dashibodi ama chini ya kiti cha mbele. Isome herufi kwa herufi ukiwa na kadi halisi mkononi, siyo picha ya WhatsApp. Ukiona bati limechomelewa, limekwaruzwa au limepakwa rangi mpya sehemu hiyo tu, ondoka. Usisubiri maelezo.

Halafu namba ya injini. Hii ndiyo inayowakamata wengi, kwa sababu injini za mtumba zinauzwa kila kona na fundi akishafunga mpya hakuna anayekumbuka TRA. Kadi inasema injini moja, gari lina nyingine. Si lazima iwe ya wizi. Huenda ya zamani ilikufa tu njiani kwenda Shinyanga. Lakini mabadiliko ya injini, rangi au bodi yanatakiwa kukaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi na kuingizwa kwenye kumbukumbu za TRA. Mwambie muuzaji amalize hilo kwanza, akiwa na risiti ya injini. Ukilipokea gari hivyohivyo, umelipokea na tatizo lake.

Tazama na jina lililo kwenye kadi. Likiwa na majina mawili, moja la mtu na jingine la benki au taasisi ya mikopo, gari hilo lina mkopo. Usilipe hata senti kabla ya kuona barua ya taasisi hiyo kwamba deni limekwisha na kwamba inaridhia umiliki uhame. Jina likiwa la kampuni, anayekuuzia awe na barua ya wakurugenzi yenye muhuri inayomruhusu kuuza. Dereva wa kampuni si kampuni, hata akiwa ameliendesha miaka minane.

Likiwa jina la mtu ambaye hayupo mbele yako, hapo ndipo pagumu. Utaambiwa: "Huyo nilinunua kwake, alishanisainia, hana shida." Utaonyeshwa fomu ya kuhamisha umiliki iliyosainiwa, na nafasi ya jina la mnunuzi imeachwa wazi. Madalali wanapenda sana karatasi hizo kwa sababu gari linaweza kuuzwa mara tatu bila wao kulipia chochote. Wewe unakuwa mtu wa nne, na mtu wa kwanza akikana saini yake, mnyororo wote unakatikia kwako. Mtafute mwenye jina. Akipatikana, mkataba uwe wako na yeye. Asipopatikana, yako magari mengine.

Ukimaliza hayo nenda na muuzaji ofisi ya TRA, muombe kuthibitisha taarifa za gari kabla ya malipo. Muuzaji mkweli hatakataa. Anayetafuta sababu ya kutokwenda ameshakujibu.

Hatua ya tatu: madeni yanayofuata namba

Faini za barabarani zinaandikwa kwa namba ya gari. Ingiza namba kwenye mfumo wa TMS wa Jeshi la Polisi utaona kama kuna faini ambazo hazijalipwa. Kwa gari, kosa moja ni shilingi 30,000, na gari la abiria au la mizigo lililozoea njia ya Mwanza kwenda Musoma linaweza kuwa na makosa ya kutosha kukuharibia bajeti. Uliza na ushuru wa maegesho, maana nao hudaiwa kwa namba.

Bima iangalie kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unaoitwa TIRA-MIS, kwa namba ya gari au ya stika. Stika ya karatasi inaweza kutengenezwa na yeyote mwenye printa.

Usimwache mtu akudai rodi laisensi ya kila mwaka. Ada hiyo ilifutwa kuanzia Julai 2017, na mzigo wake ukahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Unailipa kila unapojaza tangi.

Hatua ya nne: mkataba

Andikeni mbele ya wakili. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa shahidi na ni vizuri awepo, lakini muhuri wa wakili ndio utakaokusaidia zaidi mbele ya safari. Mkataba uwe na majina kamili, namba za NIDA, TIN, namba ya gari, chesisi, injini, bei, namna ya kulipa, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa nayo ina maana. Gari likikabidhiwa saa nne asubuhi na likapigwa picha ya mwendokasi saa sita, mjue faini ni ya nani.

Sasa bei. Mazoea ni kuandika bei ndogo ili ushuru wa stempu, unaotozwa kwa thamani ya gari, upungue. Gari la milioni 12 linaandikwa milioni 4. Kwanza, ofisa wa TRA anajua magari yanauzwaje, na ana haki ya kukadiria thamani mwenyewe. Pili, siku gari likibainika ni la wizi na ukaenda mahakamani kudai hela yako, karatasi yenye saini yako inasema ulitoa milioni 4. Sijaona akiba ya aina hiyo inayostahili.

Ushuru huo una kazi nyingine ambayo watu hawaijui: mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe.

Lipa kwa benki au kwa simu, ili ibaki kumbukumbu. Kama lazima iwe fedha taslimu, mhesabiane mbele ya wakili, na aandike kwamba ameona. Wapo wanaokubaliana kubakiza sehemu ya bei hadi kadi mpya itoke. Mimi napenda utaratibu huo. Muuzaji mwenye laki tano zake mkononi mwako hapotezi simu.

Hatua ya tano: kuhamisha TRA

Beba kadi halisi ya gari, mkataba, fomu ya kuhamisha umiliki iliyojazwa na pande zote mbili, nakala za vitambulisho, TIN na picha ndogo. Nendeni wote wawili. Maombi siku hizi yanaingizwa kwenye mfumo, lakini muuzaji akiwepo, swali lolote linaisha palepale. Unaweza kwenda ofisi yoyote ya TRA. Aliyeko Sengerema na aliyeko Magu wanahudumiwa kutoka kwenye daftari lilelile. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayetoka Sengerema au Geita hana tena kisingizio cha foleni ya kivuko.

Gharama za kawaida za gari ni 50,000 ya kuhamisha, 10,000 ya kadi mpya, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Kwa gari la milioni 12:

- kuhamisha: 50,000
- kadi mpya: 10,000
- ushuru wa stempu: 120,000
- jumla: 180,000

Pikipiki ada ya kuhamisha ni 27,000; vingine ni vilevile. Viwango vya serikali huguswa kwenye bajeti ya kila Juni, hivyo uliza kaunta kabla ya kupanga hela. Utapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, ulipe benki au kwa simu. Hakuna ada halali inayolipwa mkononi. Kijana aliyesimama nje ya geti na bahasha, anayekuambia "mama, mimi nina mtu wangu ndani," mpite.

Muuzaji, usiondoke bila nakala ya mkataba na ya kadi mpya. Ndiyo kinga yako.

Hatua ya sita: baada ya kadi

Bima iliyokuja na gari ina jina la mwenye wa zamani. Peleka kadi mpya kwa kampuni ya bima wabadilishe, au kata nyingine. Ajali ikitokea kabla ya hapo utaanza kubishana na mtu wa madai ukiwa wodini Bugando.

Ukitaka kuligeuza gari la binafsi kuwa teksi au la kukodisha, badilisha matumizi TRA, upate vibao vyeupe, kisha uombe leseni LATRA. Barabarani tembea na nakala ya kadi. Halisi ibaki nyumbani.

Boda za mkataba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanyonge wanapoumia.

Utaratibu unajulikana. Mwenye hela ananunua pikipiki, anampa kijana, kijana analeta hesabu kila siku, tuseme 10,000, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa yake. Kwa mwaka mzima hiyo ni zaidi ya milioni tatu na nusu, ambayo ni zaidi ya bei ya pikipiki dukani. Sawa, tajiri naye ana faida yake. Tatizo ni kwamba muda wote huo kadi ina jina la tajiri, na mkataba mara nyingi ni ukurasa wa daftari la shule, au maneno tu ya kijiweni Buzuruga.

Kijana akimaliza, tajiri anaweza kumpa kadi na kusema, "Mdogo wangu, sasa ni yako, Mungu akubariki." Baraka hazibadilishi daftari. Pikipiki ikiibiwa, atakayesikilizwa kwa urahisi ni mwenye jina. Tajiri akifariki, watoto wake wataihesabu kama mali ya baba. Tajiri akiwa na deni mahakamani, pikipiki inaweza kukamatwa ikiwa na abiria mgongoni.

Kwa hiyo, wewe kijana, siku ya kwanza kabisa mkataba uandikwe na uonyeshe jumla ya fedha, hesabu ya siku, siku za mapumziko, nani analipa matengenezo, na sentensi moja inayosema kwamba baada ya malipo ya mwisho mwenye pikipiki ataenda TRA kuhamisha jina ndani ya muda fulani, na nani atalipia. Andikeni pia itakuwaje pikipiki ikiibiwa au kijana akiugua katikati. Hesabu tuma kwa simu, usipeleke mkononi. Ujumbe wa muamala unakuwa risiti. Na wewe tajiri, fikiria unayoibeba: kila siku ambayo kijana yuko barabarani, anayetajwa kuwa mwenye chombo ni wewe. Hakikisha ana leseni na bima iko hai. Akishamaliza kulipa, kuhamisha haraka ni faida yako kuliko yake.

Gari la marehemu

Mwenye gari akifariki, hakuna ndugu anayeweza kuliuza kwa sababu tu funguo anazo. Mara nyingi baba mdogo anachukua gari siku ya arobaini "kulitunza", halafu anatafuta mteja. Mteja akilipa, amenunua kesi. Anayeweza kuhamisha ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa familia nyingi ni Mahakama ya Mwanzo: mnapeleka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, na uteuzi ukithibitishwa msimamizi anapewa Fomu Na. IV. Hiyo ndiyo mnunuzi anapaswa kuiona, pamoja na cheti cha kifo. Muhtasari wa ukoo peke yake, hata ukiwa na saini za shangazi wote, hautoshi.

Namba za nje

Ziwa hili lina nchi tatu, na magari yanapita. Gari lenye namba za Kenya lililoingia Sirari, au za Uganda lililoingia Mutukula, linakuwa hapa kwa kibali cha muda. Kuliuza ndani ya nchi bila kulipia ushuru wa forodha ni magendo, hata bei iwe tamu vipi. Ndivyo ilivyo pia kwa magari ya IT, yale yanayotoka bandarini kwenda nchi jirani: mtu akikuambia moja "limebaki njiani", ushuru haujalipwa na halina namba ya kwako. Magari ya Zanzibar yenye namba za Z nayo yapo kwenye daftari jingine. Kuyasajili Bara kuna taratibu na kodi zake, ulizia kabla.

Na kwa kuwa tuko ziwani, wako wanaouliza kuhusu mitumbwi. Mtumbwi hauko kwenye daftari la magari; anzia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri yako.

Kadi ikipotea

Pata ripoti ya upotevu ya polisi, ambayo sasa huombwa hata kwa mtandao, na kiapo kwa wakili au hakimu. Anayeomba kadi nyingine TRA ni yule ambaye jina lake liko kwenye daftari. Kama gari ulilinunua na hukuhamisha, itabidi umtafute muuzaji wako akaape yeye, umlipie nauli, na uombe awe bado anakukumbuka. Anayeuziwa gari lenye kadi mbadala naye aulize ya kwanza ilipotea vipi. Wapo wanaoweka kadi halisi dhamana kwa mkopeshaji wa mtaani, wakatangaza imepotea, wakauza gari kwa kadi ya pili, na mkopeshaji akaja kugonga geti la mnunuzi.